Mkuki badala ya ndoo: kubeba marobota ya nyasi kwa loda ya mbele

Swali: Nina trekta la nguvu farasi 45 lenye loda ya mbele na ndoo ya kawaida ya kuchotea udongo. Nyasi zangu kavu nazifunga katika marobota ya mviringo yenye kipenyo cha mita 1.2 na upana wa mita 1.2. Hadi sasa nimekuwa nikiyasukuma kwa ndoo au kuyaning'iniza kwa mnyororo, na juzi gurudumu moja la nyuma liliinuka nilipopita kwenye kituta. Kitabu cha loda kinasema inainua kilo 700. Je, nifunge mikuki ya kubana kwenye mdomo wa ndoo, nimpe fundi achomelee mikuki kwenye ndoo hiyo, au nitafute kifaa kamili? Na nikiongeza shinikizo la haidroliki, yaani la mafuta yanayosukuma silinda za loda, nitapata nguvu zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, gurudumu lako la nyuma limekwisha kujibu sehemu kubwa ya swali. Loda haikukosa nguvu. Ilikuwa na nguvu za kutosha kulinyanyua trekta lenyewe. Kwa hiyo nitaanza na uzito na mahali unapokaa, ndipo nije kwenye vyuma, maana mkuki ulio bora kabisa ukifungwa kwenye trekta lisilosawazishwa utakuinulia gurudumu lile lile.

Robota la vipimo ulivyotaja lina ujazo wa takriban mita za ujazo 1.36. Nyasi kavu zilizokazwa vizuri huwa na kilo 150 hadi 200 katika kila mita ya ujazo, kutegemea aina ya nyasi na jinsi mashine ilivyozikaza, kwa hiyo robota lako moja lina uzito wa kati ya kilo 200 na 270. Katika hesabu zinazofuata nitatumia kilo 250. Kuwa mwangalifu na mambo mawili yanayobadilisha tarakimu hiyo ghafla. La kwanza ni kipenyo: robota la mita 1.5, hata kama upana ni ule ule, lina ujazo unaozidi wa lako kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa ujazo hukua kwa mraba wa kipenyo. La pili ni maji: robota la nyasi zilizofungwa zikiwa bado na unyevu mwingi kwa ajili ya sileji, yaani malisho yanayochachushwa bila hewa, linaweza kufikia maradufu ya uzito wa lile kavu na hata kupita hapo, ingawa kwa macho yanafanana. Ukiweza kupata mizani ya magari, pima tela likiwa tupu, kisha likiwa na marobota sita au manane, halafu ugawanye tofauti kwa idadi yake. Hesabu hiyo ya dakika chache ni bora kuliko makisio yangu yote.

Sasa zile kilo 700. Watengenezaji wengi hupima uwezo wa loda kwenye pini inayoshika ndoo, kana kwamba mzigo wote umening'inizwa hapo hapo. Wengine hutoa pia kipimo cha milimita 500 au 800 mbele ya pini, na kipimo hicho ndicho kinachokaribia kazi yako, kwa sababu hakuna robota linalokaa kwenye pini. Angalia vilevile kama tarakimu ni ya kimo cha chini au ya kimo cha juu kabisa, kwani loda nyingi huinua kidogo zaidi karibu na ardhi kuliko zikiwa zimenyooka juu.

Chukua futi ya kupimia uende nayo kwenye trekta. Tuseme umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni mita 2, na pini ya loda, mikono ikiwa chini, iko mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Ukibana mikuki kwenye mdomo wa ndoo, robota litasimama mbele ya ndoo nzima: sentimita 70 hivi za ndoo, na 60 nyingine hadi katikati ya robota, hivyo kitovu cha uzito wake kitakuwa mita 1.3 mbele ya pini na mita 2.5 mbele ya ekseli. Ukiiondoa ndoo na kuweka fremu nyembamba yenye mkuki, robota litaegemea karibu na pini, na kitovu chake kitakuwa mita 2 tu mbele ya ekseli. Nusu mita inaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini ongeza uzito wa ndoo yenyewe na mikuki ya kubana, tuseme kilo 210 kwa pamoja, ulinganishe na fremu ya kilo 90. Kwa ndoo, mzigo wa mbele unaipunguzia ekseli ya nyuma kilo 480 hivi na kuitwika ekseli ya mbele takriban kilo 940 zaidi. Kwa fremu, ekseli ya nyuma inapoteza kilo 310, na ya mbele inaongezewa 650. Robota ni lile lile, trekta ni lile lile. Silinda za kukunja ndoo nazo zinaathirika, kwa kuwa wenzo unaozivuta umekuwa mrefu kwa zaidi ya nusu.

Hesabu hiyo ni ya mikono ikiwa chini. Mikono ya loda huzunguka kwenye egemeo lililo juu, karibu na mwendeshaji, kwa hiyo inapopanda, pini husogea mbele hadi mikono ifike usawa wa egemeo hilo, ndipo ianze kurudi nyuma. Maana yake ni kwamba trekta huwa jepesi zaidi nyuma robota linapokuwa katikati ya safari yake ya kupanda, si linapofika kileleni. Wengi huhisi nyuma ikielea mahali hapo, na badala ya kushusha wanaongeza kasi ya kuinua ili wapite. Tafadhali shusha.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya matumizi hulitaja kwa mstari mmoja, nami nadhani linastahili zaidi. Ekseli ya mbele ya trekta haikufungwa imara kwenye mwili. Imetundikwa kwa pini moja katikati ili magurudumu yaweze kufuata mabonde na matuta. Kwa sababu hiyo trekta halisimami kama meza yenye miguu minne. Linasimama kwenye pembetatu, ambayo pembe zake mbili ni magurudumu ya nyuma na ya tatu ni ile pini. Uzito ukiwa nyuma, uko kwenye upande mpana wa pembetatu, na trekta ni tulivu. Unapobeba robota mbele bila uzito nyuma, kitovu cha uzito wote kinahamia kwenye ncha nyembamba, na hapo mteremko mdogo wa kando, shimo moja, au kona iliyokatwa kwa haraka vinatosha kukitoa nje ya mstari. Gurudumu la mbele halikuokoi mwanzoni, kwa sababu ekseli inageuka tu kwenye pini yake hadi igonge kizuizi, na wakati huo gurudumu la nyuma liko hewani tayari. Ndivyo ilivyokutokea kwenye kituta. Mnyororo ulizidisha, kwa kuwa mzigo unaoning'inia hubembea, na kila ukibembea unahamisha kitovu cha uzito bila kukutaka rai. Uache kabisa.

Dawa yake ni uzito nyuma, na mahali pa kuuweka pana maana kuliko wingi wake. Maji ndani ya matairi ya nyuma na vyuma vya kufunga kwenye rimu husaidia matairi kushika ardhi, lakini vimekaa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo haviipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja. Boksi la zege au la mawe lililofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya kufungia vifaa hufanya kazi zote mbili. Boksi la kilo 400 ambalo kitovu chake kiko mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma huiongezea ekseli hiyo kilo 600 na kuiondolea ya mbele kilo 200. Rudi kwenye hesabu ya fremu: nyuma palipokuwa pamepoteza 310 sasa pana ziada ya 290, na mbele palipoelemewa na 650 pamebaki na 450. Kabla ya kulijenga boksi hilo, hakikisha kwamba mikono ya nyuma ya trekta lako inaruhusiwa kubeba uzito huo, na kwamba jumla ya mzigo wa kila ekseli na kila tairi haizidi kikomo kilichoandikwa. Kama magurudumu ya nyuma yanaweza kutanuliwa, yatanue. Matairi ya mbele yajazwe upepo hadi kiwango ambacho mtengenezaji ameruhusu kwa kazi ya loda, ambacho mara nyingi ni cha juu kuliko kile cha kulimia.

Nije sasa kwenye chaguo zako. Mikuki ya kubana kwenye mdomo wa ndoo inafaa kwa mtu mwenye marobota kumi kwa mwaka na uwanja tambarare. Ubaya wake, mbali na umbali niliouhesabu, ni kwamba uzito wote unaning'inia kwenye bamba la mdomo, ambalo liliundwa kuchota udongo kwa kusukuma mbele, si kupindwa kutoka juu kwenda chini. Mdomo hujikunja pale pale skurubu zilipobana. Ukilazimika kuitumia kwa muda, funga mnyororo kutoka kila mkuki hadi sehemu ya juu ya ndoo, ukaze skurubu upya baada ya kila robota chache, na usiinue juu ya kimo cha kiuno.

Kuchomelea mikuki moja kwa moja kwenye ndoo sikushauri hata kidogo, na hapa nazungumza nikiwa na aibu kidogo. Miaka mingi iliyopita nilimpa fundi mkuki mpya, chuma kizuri kilichofuliwa na kukazwa kwa moto, akauchomelea kwenye bamba nene kwa mshono mnene uliopendeza macho. Ulibeba marobota kwa wiki kadhaa. Asubuhi moja, robota likiwa nusu mita tu kutoka ardhini, mkuki ulikatika kwa sauti kama ya kijiti kikavu, nalo likabingirika mbele ya trekta. Nilipoutazama mvunjiko, mshono ulikuwa mzima. Kilichokatika ni mkuki wenyewe, upana wa kidole kimoja mbele ya mshono, uso wake ukiwa wa chenga zinazong'aa, na pembeni pana mstari mweusi wa ufa wa zamani. Joto la kuchomelea lilikuwa limeharibu ukazwaji wa chuma mahali hapo hapo ambapo nguvu ya kupinda ni kubwa kuliko kwingine kote. Fundi alifanya kazi safi. Mimi ndiye niliyemwagiza kosa.

Mikuki ya kununua imetengenezwa ili isichomelewe kabisa. Kitako chake kimechongwa kama koni, kinaingia kwenye bushi, yaani bomba fupi nene la chuma, yenye tundu la umbo hilo hilo, na nyuma kinakazwa kwa nati. Kinachochomelewa kwenye fremu ni bushi, mkuki ukiwa nje. Bushi ikishapoa ndipo mkuki unaingizwa na kukazwa. Kuna koni za saizi zaidi ya moja, kwa hiyo nunua mkuki na bushi yake pamoja. Kwa marobota yako, saizi inayofaa ni ile yenye nati ya uzi wa milimita 28. Mikuki yenye nati ya milimita 22 ni ya kusaidia pembeni, si ya kubeba. Nondo za ujenzi na mabomba ya maji usiyafikirie. Yatapinda kwanza, na ukiyanyoosha yatakatika.

Fremu ninayoipendelea ni rahisi: mihimili miwili ya bomba la mraba, milimita 80 hadi 100 kila upande na unene wa ukuta usiopungua milimita 6, iliyounganishwa kwa nguzo mbili, na nyuma yake vishikio vinavyolingana na vya ndoo yako. Bushi ipite kuta zote mbili za bomba na ichomelewe mbele na nyuma, kwa sababu bushi iliyobandikwa kwenye ukuta wa mbele pekee hung'oka pamoja na kipande cha ukuta huo. Mkuki mkuu mmoja uwe katikati, wenye urefu wa mita 1 hadi 1.1; ukiwa mrefu kuliko upana wa robota, ncha itatokeza upande wa pili na kutoboa robota la jirani au kitu kingine kilicho nyuma yake usichokiona. Chini yake, kushoto na kulia, weka mikuki miwili mifupi ya sentimita 40 hivi. Hiyo haibebi, kazi yake ni kuzuia robota lisizunguke kwenye mkuki mkuu kama gurudumu. Kama loda yako ina kishikio cha kubadilishia vifaa kwa haraka, nunua bamba la nyuma lililokwisha tengenezwa kwa kishikio hicho uchomelee fremu juu yake. Kukata vishikio kwa kukadiria ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka pini zikatae kuingia kwa tofauti ya milimita tatu.

Kisha kuna sehemu ambayo wachomeleaji wa mitaani huiacha kwa kuona haina kazi: ukingo wa nyuma. Loda nyingi za matrekta madogo hazijisawazishi zenyewe. Shusha fremu chini, weka mkuki sambamba na ardhi, kisha inua mikono bila kugusa wenzo wa kukunja, ukiwa umesimama kando na mtu mwingine akiendesha, bila robota. Utaona ncha ya mkuki ikipanda kidogo kidogo hadi, mikono ikiwa juu kabisa, inaelekea mawinguni. Fikiria robota likiwa hapo, na nyuma yake hakuna kitu ila mikono miwili iliyoinama kuelekea kwenye kiti cha mwendeshaji kama reli. Watu wameuawa kwa njia hiyo hasa, robota likibingirika juu ya mikono hadi kwenye usukani. Kwa hiyo nguzo za fremu zipande hadi zikaribie kimo cha robota likiwa limechomwa, na ziunganishwe kwa mhimili wa juu. Mwendeshaji naye azoee kurekebisha wenzo wa kukunja kila mikono inapopanda, bila kusubiri. Trekta lisilo na fremu ya kinga dhidi ya kupinduka, pamoja na mkanda, lisipewe kazi hii. Na ikiwa nia yako ni kupanga marobota kwa tabaka tatu, tafuta loda inayojisawazisha au kifaa chenye makucha yanayobana robota kutoka juu.

Makucha hayo yanahitaji mkondo wa tatu wa haidroliki, yaani valvu ya ziada na hozi mbili hadi mbele. Ni gharama, tena ni uzito. Kwa nyasi kavu usizozipanga juu hivyo, si lazima uwe nayo. Kwa marobota yaliyofungwa kwa plastiki hali ni tofauti, kwa kuwa mkuki huacha tundu linaloingiza hewa na kuozesha sileji. Hayo yabebwe kwa mikono miwili laini inayobana ubavuni.

Kuhusu shinikizo la haidroliki, jibu ni hapana. Ukiikaza valvu ya usalama, ile inayoweka kikomo cha shinikizo, utapata nguvu za kuinua ambazo trekta halina uzito wa kuzihimili, na utakuwa umezipa pampu, hozi, mikono ya loda na ekseli ya mbele mzigo ambao havikuundwa kuubeba. Loda inayogoma kuinua robota la kilo 250 ilhali imeandikwa 700 ina ugonjwa mwingine: mafuta yamepungua, chujio limeziba, au sili za silinda zimechoka. Ukitafuta uvujaji, tumia kipande cha kadibodi na usipapase hozi kwa mkono, kwa sababu mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama halitoki damu.

Katika kuliendesha, ukubali kwenda taratibu. Lichome robota kwenye uso wake bapa, katikati, si kwenye mgongo wa mviringo ambako mkuki hukata kamba au wavu. Ingia ukiwa umenyooka, kwa gia ndogo, mkuki ukiwa sambamba na ardhi, hadi uso wa robota uguse fremu; kisha kunja nyuma kidogo, inua sentimita 30 au 40 tu, na uende hivyo hivyo hadi mwisho wa safari. Robota likiwa chini unaona juu yake. Likiwa katikati ya kimo limekuziba macho. Kwenye mteremko, robota libaki upande wa juu: panda ukielekea mbele, shuka ukirudi nyuma, na usikate mteremko kwa kando. Kuteremsha ni kinyume cha kuchoma, yaani shusha hadi ardhi ibebe uzito, sawazisha mkuki, kisha rudi nyuma taratibu, na ikiwa robota linakufuata, mkuki bado umeinama, usivute kwa nguvu. Siku ambayo hubebi kitu, shusha fremu chini au uchomoe mkuki, maana mkuki mtupu ulio kwenye kimo cha kifua ni silaha iliyoachwa njiani.

Kabla hujatumia fedha kwenye fremu ya mbele, kuna chaguo ambalo hukuliuliza na ambalo kwa trekta la saizi yako huenda likakufaa zaidi. Mkuki unaofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ni rahisi kuutengeneza, unaweka robota karibu na ekseli kubwa, na kwa kuhamisha robota mojamoja kutoka shambani hadi zizini ni mtulivu kuliko loda yoyote. Hauwezi kupandisha robota kwenye tela wala kulipanga juu ya jingine. Hilo ndilo pungufu lake. Wenye vyote viwili hubeba robota moja nyuma na jingine mbele, na lile la nyuma huchukua sehemu ya kazi ya boksi la uzito. Kumbuka tu kwamba ukilishusha la nyuma kwanza, la mbele linabaki bila mwenzake. Kwa hiyo la mbele lishushwe kwanza kila mara.

Fremu ikishafungwa, beba marobota kumi ya kwanza, kisha usimame. Kaza upya nati ya mkuki mkuu, kwa kuwa koni hujikalia kwenye bushi yake na kulegeza nati katika saa za mwanzo. Safisha kwa brashi ya waya eneo la kuzunguka bushi na vishikio utafute nyufa za rangi, ambazo ndizo dalili ya kwanza ya ufa wa chuma, na uzitie grisi pini zote za loda. Ukiona mkuki umepinda hata kidogo, usiunyooshe. Badilisha.